Kutoka Troya hadi Ithaca: Mwongozo Kamili wa Safari ya Kuzifuata Tenzi za Homer

Katika wimbo wa 13 wa Iliadi, utenzi wa Homer, malenga wa Kigiriki wa kale, juu ya vita vya Troya, Poseidon, mungu wa bahari, ameketi kwenye kilele cha kisiwa cha Samothrace akitazama vita vya Troya. Ukifungua ramani utadhani malenga amekosea, maana kati ya Troya na Samothrace kimelala kisiwa kingine, Imbros, ambacho Waturuki wanakiita Gökçeada. Angeonaje? Lakini nenda ukasimame juu ya magofu ya Troya jioni ambayo hewa imetakata, utazame kaskazini-magharibi. Nyuma ya Imbros, juu ya mgongo wake, kinachomoza kilele cha Samothrace, mita 1,611 kutoka usawa wa bahari, kimekaa kama kiti. Ramani ndiyo iliyokudanganya. Malenga alikuwa sahihi.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya kilele kile. Watu wengi huenda Troya kutafuta ushahidi kwamba Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki katika Iliadi, alikuwepo, na hurudi na uchungu wa kuona mawe tu. Anayekwenda Kipini kuonyeshwa kaburi la Fumo Liyongo haendi kupima mifupa. Anakwenda kuiona nchi iliyomzaa. Tenzi za Homer nazo ziliimbwa kwa mdomo, kizazi hadi kizazi, kabla hazijaandikwa, na waliozighani waliijua nchi yao: pepo zake, miamba yake, fukwe zake. Nenda kuitafuta nchi hiyo, na utaikuta.

Hatua ya kwanza: soma kabla hujakata tiketi

Hili silisemi kama pambo. Bila utenzi mkononi, Troya ni kifusi na Ithaca ni kisiwa kizuri kama visiwa vingine. Tafuta tafsiri katika lugha unayoisoma bila kuchoka, na kama huna muda wa nyimbo zote 48 (kila utenzi una nyimbo 24), soma hizi. Katika Iliadi: wimbo wa 1, wa 6, wa 16, wa 22 na wa 24. Katika Odisei: wimbo wa 1 hadi wa 4, ambamo kijana Telemachus anakwenda Pylos na Sparta kumuulizia baba yake Odysseus, mfalme wa Ithaca ambaye bado hajarudi kutoka vitani, kisha wa 9 hadi mwisho. Pakua nakala kwenye simu, lakini beba na kitabu cha karatasi. Jua la Ugiriki linaufanya usomaji wa simu kuwa adhabu.

Jambo moja linawashangaza wengi: farasi wa mbao, ambaye Wagiriki walijificha ndani yake ili waingie Troya, hayumo katika Iliadi. Utenzi huo unakwisha kwa mazishi ya Hector, mwana wa mfalme wa Troya, mji ukiwa bado umesimama. Habari za farasi utazikuta katika Odisei, zikisimuliwa kama mambo yaliyokwisha kupita.

Hatua ya pili: chagua njia, na ujue cha kuacha

Kuna makundi mawili ya mahali katika tenzi hizi. Kundi la kwanza ni miji na visiwa ambavyo Wagiriki wenyewe walivijua: Troya, Mycenae, Tiryns, Pylos, Sparta, Ithaca. La pili ni mahali pa maajabu alipopotelea Odysseus: kwa jitu lenye jicho moja, kwa Circe mchawi, kwa walaji wa tunda la usahaulifu. Utaambiwa jitu lilikuwa Sicily, walaji wa tunda walikuwa Djerba nchini Tunisia, na mnyama Scylla alikaa kwenye mlangobahari wa Messina. Huenda. Lakini Eratosthenes, mtaalamu aliyesimamia maktaba ya Alexandria katika karne ya 3 KK, alikwisha kulijibu hilo: utapajua alikozunguka Odysseus siku utakapomwona fundi aliyeushona ule mfuko wa ngozi uliofungiwa pepo. Mimi namfuata Eratosthenes. Kama una wiki mbili na pesa za kuhesabu, acha maajabu, fuata kundi la kwanza.

Njia ninayoipendekeza ni hii: Istanbul, Çanakkale na Troya, kurudi Istanbul, kuruka hadi Athens, kisha Nafplio, Pylos, Sparta, na kumalizia Ithaca. Ni mwendo wa utenzi wenyewe, vita kwanza, kurudi nyumbani baadaye. Siku 12 zinatosha ukijibana. Siku 15 zinakupa nafasi ya kukaa chini na kusoma, na kukaa chini na kusoma ndiyo safari yenyewe.

Hatua ya tatu: viza, msimu na tiketi

Uturuki haimo katika Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), Ugiriki imo. Kwa hiyo mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anashughulikia nchi mbili kwa taratibu mbili. Masharti ya Uturuki hutofautiana kwa pasi, na kuna wanaoruhusiwa viza ya mtandaoni wakiwa tayari na viza ya Schengen. Angalia tovuti rasmi ya wizara ya mambo ya nje ya Uturuki, si tovuti ya wakala anayejitokeza wa kwanza unapotafuta. Na kwa kuwa viza ya Schengen inaweza kukurahisishia ya Uturuki, nasema anza na Schengen. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15, ada ya mtu mzima ni yuro 90 na hairudishwi, bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000, na pasi iwe hai kwa miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka, ikiwa na kurasa mbili tupu. Omba miezi mitatu kabla. Mimi mara ya kwanza niliomba wiki nne kabla, pasi ikakaa ofisini hadi siku mbili kabla ya ndege, na usingizi ulinipaa.

Tiketi ya ndege nunua ya kuingilia Istanbul na kutokea Athens. Ukirudi nyumbani kwa kupitia Istanbul bila kutoka uwanjani, hutahitaji kuingia Uturuki mara ya pili. Ndege za moja kwa moja kwenda Istanbul zipo kutoka Nairobi, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Zanzibar, Entebbe na Kigali.

Msimu: Aprili hadi mwanzo wa Juni, au Septemba na Oktoba. Julai na Agosti usiende kama unaweza kuchagua. Usidhani kuwa mtu wa pwani atalizoea joto lile. Ni kavu, linatoka kwenye mawe kama tanuri, na siku za joto kali Wagiriki hufunga maeneo ya kale saa za mchana. Wakati wa baridi meli za visiwani hupungua na magofu mengi hufungwa saa tisa na nusu alasiri, lakini kuna faida yake: kuanzia Novemba hadi Machi, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kiingilio ni bure katika maeneo ya kale ya serikali nchini Ugiriki.

Kama utakodi gari (na kwa Pylos na Sparta nashauri ukodi), chukua leseni ya kimataifa ukiwa bado nyumbani. Uturuki na Ugiriki wanaendesha upande wa kulia. Aliyezoea kushoto asianzie Athens. Apande basi hadi Kalamata au Nafplio, achukue gari huko kwenye barabara tulivu.

Hatua ya nne: Troya

Kutoka Istanbul panda basi hadi Çanakkale, mwendo wa saa tano au sita. Tangu Machi 2022 mabasi yanaweza kuvuka mlangobahari wa Dardanelles juu ya daraja jipya, lakini ukipata nafasi vuka kwa pantoni, hata kama ni kwenda na kurudi tu. Yale maji membamba yenye mkondo mkali ndiyo yaliyoipa Troya umuhimu wake: meli ilikuwa ikisubiri upepo hapa.

Çanakkale lala usiku mbili. Pwani yake utamwona farasi mkubwa wa mbao aliyetumika kwenye filamu ya 2004. Piga picha, endelea. Magofu yako kilomita 30 hivi kusini-magharibi, kwenye kilima kiitwacho Hisarlık, karibu na kijiji cha Tevfikiye. Vidaladala, ambavyo huko vinaitwa dolmuş, vinakwenda kutoka mjini. Muulize dereva, kabla hujashuka, gari la mwisho la kurudi linapita saa ngapi. Andika saa hiyo kwenye karatasi umwonyeshe aitikie, maana namba zinaeleweka pale maneno yanaposhindwa.

Hisarlık ni kilima kilichojengwa na watu: mji juu ya mji, matabaka tisa, kuanzia mwaka 3000 KK hivi hadi zama za Warumi. Mwingereza Frank Calvert, aliyemiliki sehemu ya kilima, ndiye aliyemwelekeza Mjerumani Heinrich Schliemann, ambaye alianza kuchimba 1870 kwa haraka kiasi cha kukata mfereji mkubwa katikati, akabomoa mengi aliyokuwa akiyatafuta. Mfereji ule bado upo, utausimamia ukingoni. Mwaka 1873 alipata dhahabu akaiita hazina ya Priam, mfalme wa Troya katika utenzi, kumbe ilikuwa ya tabaka la pili, la zaidi ya miaka elfu moja kabla ya wakati ambao vita vinadhaniwa kupiganwa. Dhahabu ile sasa iko Moscow.

Tabaka la kukaa nalo ni la sita na la saba. Ukiingia, usikimbilie juu. Fuata njia ya mbao hadi ukuta wa mashariki wa Troya ya sita, uuangalie kwa ubavu. Hauko wima. Sehemu ya chini imeegemea ndani, mawe yamechongwa yakakaliana vizuri, na mtu mwepesi mwenye nguvu angeweza kuukwea hatua kadhaa kabla hajafika sehemu iliyosimama. Sasa fungua wimbo wa 16. Patroclus, rafiki wa Achilles, akiwa ndani ya silaha za Achilles, anapanda kwenye kiwiko cha ukuta mara tatu, na mara tatu mungu Apollo anaisukuma ngao yake kwa mikono yake ya kimungu. Nilipousoma nyumbani nilijiuliza mtu anapandaje ukuta wa ngome. Pale niliweka kiganja kwenye jiwe, nikaona mteremko, nikaacha kuuliza.

Zunguka hadi lango la kusini, kaa chini, usome wimbo wa 6. Hector anakutana na mkewe Andromache langoni. Anamnyoshea mikono mtoto wao, mtoto analia kwa kuogopa manyoya ya farasi yanayochezacheza juu ya chapeo, wazazi wote wawili wanacheka, naye anaivua chapeo na kuiweka chini ili mtoto amjue. Wimbo huohuo Andromache anamsihi aweke jeshi penye mtini, pale ukuta unapopandika. Wachimbaji walikuta kweli sehemu ya ukuta upande wa magharibi iliyojengwa kwa udhaifu kuliko kwingine. Sitasema hiyo inathibitisha kitu. Nasema kasome pale.

Tabaka la saba liliteketea kwa moto karibu mwaka 1180 KK. Nyumba zake zilikuwa zimebanana ndani ya kuta, na mitungi mikubwa ya chakula ilifukiwa sakafuni hadi shingoni. Na kwenye nyaraka za Wahiti, dola kubwa iliyotawala sehemu za Uturuki ya sasa, kuna mji uitwao Wilusa, ambao wataalamu wengi wanauona kuwa ndiyo Ilios, jina jingine la Troya. Mfalme wake aliyefanya mkataba na Wahiti katika karne ya 13 KK aliitwa Alaksandu. Paris, mwana wa Priam aliyemchukua Helen, mke wa Menelaus mfalme wa Sparta, na kuleta vita, jina lake la pili katika utenzi ni Alexandros.

Bahari iko wapi? Wengi huuliza hivyo kwa masikitiko. Mito Scamander na Simois imeijaza ghuba kwa tope kwa miaka elfu tatu, na leo unaona mashamba ya nyanya na pamba pale meli zilipoingia. Upepo ndio uliobaki. Homer anauita mji huu Ilios yenye upepo, na kofia yako itakuthibitishia. Beba yenye kamba.

Jumba la makumbusho la Troya, lililofunguliwa 2018 karibu na magofu, limejengwa kama kasha kubwa la chuma chenye kutu. Lipe saa mbili. Nenda kwenye jeneza la marumaru la Polyxena, binti Priam, lililopatikana 1994: limechongwa tendo la kuchinjwa kwake juu ya kaburi la Achilles, na kina mama walioshika vichwa kwa msiba utawatambua bila kusoma maelezo. Kuna pia vito 24 vya dhahabu vilivyorudishwa na jumba la makumbusho la chuo kikuu kimoja cha Marekani mwaka 2012.

Hatua ya tano: Athens, siku moja

Athens ina mengi, lakini kwa safari hii deni lako ni moja: Jumba la Taifa la Makumbusho ya Akiolojia, chumba cha Mycenae. Barakoa ya dhahabu iitwayo ya Agamemnon, mfalme wa Mycenae aliyewaongoza Wagiriki Troya, iko hapo; Schliemann aliifukua 1876. Ni ya karne ya 16 KK, kwa hiyo kama Agamemnon aliishi, mwenye uso huu alikwisha kufa zaidi ya miaka 300 kabla yake. Itazame, ni kazi ya ajabu, kisha utafute kitu ambacho watu wanakipita: chapeo iliyofunikwa kwa meno ya nguruwe mwitu.

Katika wimbo wa 10 wa Iliadi, Odysseus anavishwa chapeo ya ngozi ambayo nje imepangwa meno meupe ya nguruwe mwitu, safu kwa safu, na ndani ina kitambaa kilichoshindiliwa. Msomaji wa zamani angedhani ni ubunifu wa malenga. Chapeo za namna hiyo zilikwisha kuacha kuvaliwa karne nyingi kabla ya Homer. Hakuna aliyeziona. Kisha makaburi yakafunguliwa, na meno yakawa yamo, yamekatwa bapa, yametobolewa matundu ya kushonea. Kitu kilichokwisha kupotea duniani kilikaa mdomoni mwa waghani hadi sisi tukakifukua. Nilisimama mbele ya kabati lile nikawakumbuka kina bibi waliokuwa wakighani tenzi ukumbini, wakitaja nguo na vyombo ambavyo sisi wajukuu hatujavishika.

Kwa msomaji Mwislamu: Uturuki chakula si tatizo. Ugiriki uliza. Mishikaki yao, souvlaki, kwa kawaida ni ya nguruwe; nguruwe ni hirino, kuku ni kotopoulo, kondoo ni arni. Samaki wapo kila mahali na ni wazuri. Athens ilipata msikiti wake rasmi mwaka 2020, mtaa wa Votanikos.

Hatua ya sita: Mycenae na Tiryns

Fanya kambi Nafplio, mji mdogo wa bandari wenye gesti nyingi. Mabasi yanatoka stendi ya Kifissos, Athens. Ukitaka kwenda Mycenae moja kwa moja, basi hilohilo la Nafplio hupita Fichti. Kutoka hapo ni kilomita tatu na kitu kwa miguu au teksi. Beba maji kutoka mjini.

Fika lango likifunguliwa, saa mbili asubuhi, kabla ya mabasi ya watalii kutoka Athens. Lango la Simba ni la karibu mwaka 1250 KK. Linta yake ni jiwe moja la tani 20 hivi, na juu yake simba wawili, vichwa vimepotea, wameweka miguu ya mbele juu ya madhabahu. Ndani, upande wa kulia, ni duara la makaburi yaliyotoa ile barakoa. Panda hadi juu kabisa, penye sakafu ya ukumbi wa mfalme, ugeuke: uwanda wote wa Argos uko chini yako hadi baharini, na unaelewa jinsi mtu anavyoweza kuwaita wafalme wengine wakaja.

Kisha shuka barabarani hadi kaburi liitwalo Hazina ya Atreus. Wengi huliruka kwa kuchoka. Usiliruke. Unapita kwenye ujia wa mawe wa mita 36, unaingia chini ya linta ya tani 120 hivi, na juu yako linafunga kuba la mita 13 na zaidi, bila nguzo hata moja. Subiri watu watoke, uite jina lako kwa sauti ya kawaida.

Tiryns iko kilomita chache tu kutoka Nafplio, na mara nyingi utakuwa peke yako. Homer anaiita Tiryns yenye kuta, na kuta zake zina unene wa mita nane mahali pengine. Wagiriki wa baadaye walisema majitu ya jicho moja ndiyo yaliyozijenga, kwa kuwa hawakuona binadamu wa kubeba mawe yale. Saa moja inatosha. Kisha ingia makumbusho ya Nafplio uione dirii ya Dendra, vazi zima la shaba nyeusi la karne ya 15 KK. Mwaka 2024 watafiti walichapisha jaribio ambalo askari wa majini wa Ugiriki waliivaa nakala yake na kupigana kwa saa 11 wakifuata mwendo wa vita vya Iliadi. Waliweza.

Hatua ya saba: Pylos, halafu Sparta

Hapa ndipo gari linapokuhusu. Kasri la Nestor, mfalme mzee wa Pylos katika tenzi, liko juu ya kilima kiitwacho Epano Englianos, karibu na mji mdogo wa Chora. Mmarekani Carl Blegen alianza kuchimba 1939, na siku ya kwanza tu akapata mabamba ya udongo yenye maandishi. Moto ulioteketeza kasri karibu mwaka 1180 KK ndio ulioyachoma mabamba yale yakakauka kama vigae, yakadumu. Mwaka 1952 Michael Ventris aliyasoma: yalikuwa Kigiriki. Si mashairi, ni hesabu za mafuta, magurudumu, wanawake wafumaji na posho zao, makasisi na ng'ombe. Nayapenda kwa hilo.

Leo kuna paa kubwa na njia ya juu, na unatazama vyumba kutoka angani. Tafuta chumba kidogo chenye hodhi la udongo la kuogea, bado liko mahali pake, na kidaraja cha kupandia ubavuni. Katika wimbo wa 3 wa Odisei, Polycaste, binti mdogo wa Nestor, anamwogesha Telemachus na kumpaka mafuta kabla ya safari. Mgeni anapokelewa, anaogeshwa, analishwa, ndipo anaulizwa jina. Mtu wa pwani haelezwi hilo mara mbili.

Mchana nenda ufuo wa Voidokilia, kilomita chache kusini: mwezi mwandamo wa mchanga mweupe. Homer anaiita Pylos ya mchanga, na ni ufukweni ambapo Telemachus anawakuta watu wakimchinjia Poseidon ng'ombe weusi. Ogelea.

Telemachus alikwenda Sparta kwa gari la farasi kwa siku mbili. Wewe, kutoka Kalamata, utavuka milima ya Taygetus kwa kilomita 60 hivi za kona, usiendeshe usiku. Sparta yenyewe haina mengi ya zama zile. Panda Menelaion tu, kilima juu ya mto Eurotas ambako watu wa kale walimjengea Menelaus na Helen mahali pa kutolea sadaka, kisha ondoka.

Hatua ya nane: Ithaca

Kutoka bandari ya Kyllini kuna meli hadi Poros, kisiwa cha Kefalonia, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Vuka kisiwa hadi bandari ya Sami, ambako meli ndogo inakupeleka Pisaetos, Ithaca, kwa karibu nusu saa. Ratiba hubadilika kwa msimu, kwa hiyo itazame siku moja kabla, na bahari ikichafuka meli hazitoki. Acha siku moja ya akiba kabla ya ndege yako.

Kuna wanaodai kwamba Ithaca ya Homer ni sehemu ya Kefalonia, kwa kuwa Odysseus anasema kisiwa chake kiko chini, mbali zaidi kuelekea magharibi, na Ithaca ya leo ina milima na iko mashariki ya Kefalonia. Hoja yao ina uzito. Lakini watu wa kisiwa hiki walimheshimu Odysseus hapa tangu kale, na kijiji cha Stavros, kaskazini, kina ushahidi wake. Katika pango la ghuba ya Polis, uchimbaji wa miaka ya 1930 ulioongozwa na Sylvia Benton ulitoa vipande vya vyungu 12 vya shaba vyenye miguu mitatu, vya karne ya 9 na ya 8 KK, na kigae cha baadaye kilichochorwa maneno ya nadhiri kwa Odysseus. Pango limeporomoka, huwezi kuingia. Kigae kiko kwenye makumbusho madogo ya Stavros, chumba kimoja tu. Ni kipande cha kukaa kiganjani. Mtu alikuja hapa na shida yake, akaandika jina lile.

Lala Vathy, bandari iliyojificha ndani ya ghuba. Tetemeko la Agosti 1953 liliangusha nyumba nyingi, kwa hiyo usitafute ukale kwenye majengo. Asubuhi tembea hadi ghuba ya Dexia, mwendo wa nusu saa, kitabu mkononi. Mapokeo yanasema ndipo Wafeasi, mabaharia waliomrudisha nyumbani, walipomshusha Odysseus amelala usingizi, wakampangia zawadi chini ya mzeituni, wakaondoka. Mizeituni ipo hadi karibu na maji. Kaa chini ya mmoja, ufungue wimbo wa 13, pale anapoamka baada ya miaka 20, anaitazama nchi yake iliyofunikwa ukungu, haitambui, anajipiga mapaja na kuuliza amefika kwa watu gani.